Ufunguo Uliosahau

Kwa miaka miwili nilikuwa na gari ambalo ufunguo wake ulichomoka injini ikiwa inaunguruma. Sikuona kuwa ni ugonjwa. Niliona kuwa ni hisani. Nikirudi nyumbani Mbagala usiku nilisimama mbele ya geti, nikachomoa ufunguo, gari likaendelea kuunguruma na taa zikamulika kufuli, nikashuka na bunda zima mkononi, nikafungua, nikarudi, nikachomeka, nikaingia. Jirani yangu, dereva wa daladala aliyestaafu, aliyatazama hayo usiku mmoja akiwa barazani kwake, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "ufunguo wako kibogoyo."

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 1999, ile ambayo kila gereji inaijua kwa jina la 110. Sikuliagiza mimi. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu, naye alilinunua kwa mtu, na huyo mtu simjui. Lina alama za maisha yake ya kwanza. Redio inaishia 90, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia 76, na stesheni nyingi za Dar es Salaam ziko juu ya hapo. Kwa hiyo gari langu lina masikio lakini halisikii habari za mjini. Pembeni mwa mlango wa dereva pamebandikwa stika ya kubadilisha oili yenye maandishi nisiyoweza kuyasoma. Chini ya kiti niliokota sarafu ya yeni 5, ile yenye tundu katikati, nikaitia kwenye bunda la funguo kama hirizi. Magari haya hutoka kiwandani yakiwa na ufunguo zaidi ya mmoja, pamoja na kibati kidogo kilichopigwa namba ya ufunguo. Kibati hicho na ule ufunguo wa pili hubaki kwenye droo ya mtu fulani ng'ambo. Kinachofika bandarini ni gari, jeki, na ufunguo mmoja uliokwisha kufanya kazi ya umri mzima.

Hisani iligeuka asubuhi ya mtihani. Nilichomeka, nikazungusha, ufunguo ukagoma. Stelingi imejifunga, saa inakwenda, karatasi za mtihani wa Kidato cha Nne ziko mikononi mwa wengine, na mimi ndiye msimamizi. Nilitikisa, nikabembeleza, nikapandisha na kushusha ufunguo kama mtu anayetafuta chaneli kwenye redio ya zamani, hadi baada ya robo saa kitu ndani kikakubali. Jioni ile nilikwenda kwa kijana mmoja mwenye mashine kando ya barabara, akaninakilia ufunguo kwa dakika tatu. Ufunguo mpya uling'aa vizuri. Ulifungua mlango wa gari. Kwenye swichi uliingia mpaka mwisho, ukakaa kama mgeni aliyeshiba, haukugeuka kulia wala kushoto. Sikumlaumu yule kijana; nilidhani gari ndilo bovu.

Jirani ndiye aliyenielekeza Gerezani. Ukitoka kituo cha mwendokasi, ukapita wauza spea na wachomeleaji, unakuta banda la mbao lisilozidi upana wa godoro. Lina meza, jiliwa, daftari kubwa lenye jalada gumu, na misumari iliyotundikwa funguo tupu ambazo hazijachongwa, mamia kwa mamia, zikining'inia kama dagaa juani. Mashine ya kunakili ipo, imefunikwa kitambaa. Mwenye banda ni mzee wa miaka sabini na kitu, kanzu yake imekunjwa mikono, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete."

Hakuniuliza shida. Aliuchukua ule ufunguo wa zamani, akaupitisha kidole gumba mgongoni, akauinua juani akafumba jicho moja. Kisha akachukua na ile nakala mpya, akaiweka ubavuni mwa mwenzake, akacheka kimya kimya.

"Huu umesahau," alisema akiinua ule wa zamani. "Na huu," akainua mpya, "umefundishwa na aliyesahau."

Nimekaa darasani miaka 18 na sijawahi kusikia mtu akieleza tatizo la elimu kwa maneno machache kiasi hicho, lakini hilo ni la siku nyingine.

Ili umwelewe mzee yule, lazima uingie ndani ya kitasa. Mna vibati vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikisukumwa na springi ndogo kuliko ya kalamu. Kila kibati kina tundu, na ufunguo hupita ndani ya matundu hayo. Ufunguo usipokuwamo, vibati hutokeza nje ya silinda na kuifunga isizunguke. Ufunguo wake ukiingia, kila jino na kila bonde la ufunguo huvuta kibati chake mpaka vyote viwe sawasawa na uso wa silinda, visizidi wala visipungue. Hapo ndipo silinda huzunguka. Kibati kimoja kikibaki nje kwa unene wa ukucha, hakuna safari.

Sasa hesabu ni mara ngapi kwa siku mtu huchomeka na kuchomoa. Asubuhi, sokoni, sheli, msikitini, nyumbani. Kila mara madini hulambana na madini. Vilima vya ufunguo hushuka, mabonde hutanuka, ncha huwa mviringo. Kitasa kina huruma kidogo, husamehe makosa madogo, na huruma hiyo ndiyo inayotudanganya kwa miaka. Ufunguo uliolika sana hata hufika mahali pa kuwa hauna tena neno lake mwenyewe. Hufungua na magari ya watu. Dar es Salaam hii yamo magari makuukuu ya Toyota ambayo wenyewe wamewahi kukosea maegesho, wakafungua la jirani, wakakaa, wakashangaa kiti cha mtoto kimetoka wapi. Ufunguo wa namna hiyo ni kama mtu anayeitikia kila analoambiwa.

Mashine ya kunakili hailijui hilo. Ina taya mbili: moja hushika ufunguo wa zamani, nyingine ufunguo mtupu. Kidole cha chuma hutembea juu ya meno ya ule wa zamani, na gurudumu la kukatia, lililoungana nacho, hutembea vilevile juu ya mtupu. Kidole kikishuka, gurudumu linashuka. Ni mwandishi mwaminifu kupita inavyofaa. Hunakili hata makosa, kisha huongeza la kwake dogo. Ule wa zamani ulikuwa umekwisha kula huruma yote ya kitasa. Nakala ilipoomba huruma nyingine ya ziada, swichi ikasema basi. Mlango ulikubali kwa sababu vitasa vya milango aghalabu huwa na vibati vichache kuliko swichi, na vyangu, kama mzee alivyosema, vilikuwa vimelegea kama meno ya mtoto wa miaka sita.

"Ukitaka ninakili, nitanakili, dakika mbili," alisema. "Lakini nitakuwa nimekupa mlevi wa pili ili amsindikize wa kwanza."

"Sasa utafanyaje, na hakuna mwingine?"

"Yupo. Gari unalo hapa?"

Nilidhani atakwenda kwenye swichi. Alizunguka nyuma. Akaniuliza, buti huwa nalifungua kwa kitu gani? Nikamwambia kwa ule mkono ulio kando ya kiti cha dereva. Akauliza, na aliyeniuzia? Nikasema bila shaka hivyohivyo. Akaguna kwa kuridhika, akafungua buti, akalaza kipande cha gunia, akaanza kukitoa kitasa cha buti kwa bisibisi na koleo.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Gari moja lina vitasa kadhaa vinavyotii ufunguo mmoja, lakini havizeeki pamoja. Swichi imefanya kazi kila siku, mlango wa dereva umefanya kazi kila siku. Kitasa cha buti kimelala tangu 1999, springi zake zina nguvu, vibati vyake vina ncha. Kila mtu aliyepita kwenye gari lile, Mjapani wa kwanza, aliyeliagiza, mwalimu mwenzangu, mimi, alikuwa amechukua kidogo kutoka kwenye kumbukumbu ya ufunguo, lakini hakuna aliyegusa buti. Ule ufunguo mwingine aliosema upo ulikuwa umehifadhiwa humo kinyumenyume.

Alikifungua kitasa juu ya kitambaa cheupe ili springi zisipotee. Akavitoa vibati kimoja kimoja na kuvipanga kwa safu, kama bibi anayepanga karata, na kunionyesha kitu ambacho kwa macho yangu ya miwani ya kusomea kilinichukua muda kukiona: kila kibati kimepigwa namba ndogo. Vibati vya aina hii haviwi na vimo visivyo na idadi. Viko vimo vichache tu, na tofauti ya kimo na kimo ni chini ya milimita moja. Namba ndiyo kimo chake. Ukizisoma kwa mpangilio, umesoma ufunguo. Mzee alizitaja kwa sauti, nami, kwa mazoea ya darasani, nikaziandika nyuma ya karatasi. Vibati vya swichi ni vingi kuliko vya buti, kwa hiyo namba mbili zilikosekana. Hizo alizitafuta kwenye ufunguo wa zamani. Alilipima kila bonde lililobaki kwa kipande cha bati alichokikata ngazi mwenyewe, akajiuliza kwa sauti: hili limesimama kati ya ngazi hii na ile, kuchakaa hupunguza, hakuongezi, basi lilianza juu. Akaandika ya juu.

Niliposimama pale ndipo nilipofahamu kwamba neno letu la kuchonga funguo limekaa mahali pake. Tunasema kuchonga kinyago, kuchonga mlango, kuchonga mtumbwi, kuchonga penseli. Vijana husema fulani anachonga, maana yake maneno yake hayana mwisho. Mwanzoni niliona kuwa kwa ufunguo neno hilo ni kubwa mno, kwa kuwa kazi ni ya mashine. Mzee hakuwasha mashine. Alibana ufunguo mtupu kwenye jiliwa, akavuta tupa tatu, bapa, ya pembetatu na ya mviringo, akaanza. Alihesabu mapigo kwa midomo. Alifuta vumbi la shaba kwa kidole, akapima kwa ngazi yake, akarudi. Tupa ikiwa mbali na kipimo hulia kwa sauti pana. Ikikaribia, anaipunguzia uzito, inalia nyembamba. Macho yake hayakuwa kwenye tupa muda wote. Alinisemesha, aliagiza kahawa, alimkemea paka, lakini sikio lilikuwa pale.

Katikati ya kazi alifika bwana mmoja nadhifu, suruali imepigwa pasi hadi inakata, ufunguo wa gari mkononi. Anataka wa pili, haraka, yuko tayari kuongeza. Mzee aliomba kadi ya gari. Bwana akaitoa. Mzee akaisoma polepole, akamtazama juu ya miwani.

"Hii ni ya mwanamke."

"Ni gari la mke wangu, mzee."

"Hewala. Basi mwambie shemeji apite mwenyewe. Soda yake ipo, nitamchongea akinywa."

Yule bwana akacheka, akasema mzee anamtania. Mzee akacheka naye. Akaongeza bei. Mzee akaendelea kucheka, tupa haijasimama. Bwana akatazama saa, akasema atarudi, akaenda. Mzee hakusema neno juu yake, wala mimi sikuuliza. Huenda ni mume mwema aliyetaka kumshtukiza mkewe kwa zawadi. Huenda. Lile daftari lenye jalada gumu lina jina la mwenye gari, namba ya gari, tarehe na sahihi, ukurasa baada ya ukurasa, na mwandiko wake unaanza kwa wino uliokwisha pauka. Aliyechonga ufunguo anajua mlango wako kuliko mkweo. Kulinda siri hiyo nako ni sehemu ya ufundi, tena ni sehemu isiyoweza kupimwa kwa ngazi ya bati.

Watu wa mbali waliwahi kugombana sana kuhusu ujuzi huu wa kufungua kisicho chako. London, dukani kwa Bramah, watengenezaji wa makufuli, kulikuwa na kufuli lililowekwa dirishani kwa miaka mingi likiwa na ahadi ya gini 200 kwa atakayeweza kulifungua bila ufunguo wake. Mwaka 1851 Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alilifungua. Ilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16. Waungwana wa mji walifadhaika, kana kwamba kesho yake wezi wote wangeingia majumbani. Mimi nikifikiria habari hiyo sioni mwizi, namwona fundi. Mwizi hana siku 16. Mwizi hana subira ya kukaa na springi moja mpaka imwambie siri yake, anavunja kioo. Ujuzi wa Hobbs na ujuzi wa mzee wangu ni kitu kimoja, na kinachowatenga na mhalifu kabla ya sheria yoyote ni huo muda.

Lakini zama zimegeuka, na mpwa wa mzee ndiye ushahidi. Kijana huyo hukaa upande wa pili wa banda, nyuma ya pazia la kanga, na kompyuta ndogo, waya, na boksi lenye taa za kijani. Siku ile aliletewa Toyota Crown juu ya gari la kukokota. Mwenye nayo alikuwa amepoteza funguo zote safarini. Gari kama hilo halidanganywi na meno peke yake. Kwenye kichwa cha ufunguo mnakuwa na chipu isiyo na betri. Swichi imezungukwa na pete ya waya. Pete hurusha mawimbi ya redio, chipu hupata nguvu kutoka humohumo, hujibu kwa namba yake, na kompyuta ya gari ikiitambua huruhusu injini. Isipoitambua, utaisikia injini ikizunguka bila kuwaka, au ikiwaka ikafa hapohapo. Ulaya ilifanya kifaa hicho kuwa lazima kwa magari mapya tangu 1998, na wizi wa magari ya kuwashwa kwa kuunganisha nyaya ukapungua nguvu. Magari mengi yaliyouzwa ndani ya Japani miaka ileile hayakuwa na lazima hiyo, ndiyo maana Corolla yangu inawaka kwa kipande cha shaba tu.

Katika magari mengi ya zamani kidogo ya Toyota yenye chipu, ufunguo mkuu ukiwapo ndio unaoutambulisha ufunguo mpya kwa kompyuta, kama mwenyeji anayemshika mgeni mkono. Ufunguo wa kijivu, ule wa kumpa mwosha magari au mlinzi wa maegesho, huwasha gari lakini hauna mamlaka ya kuandikisha mwingine. Funguo zote kuu zikipotea, hakuna wa kumshika mgeni mkono. Kijana alifungua dashibodi, akatoa kisanduku, akakifungua nacho, na ndani yake akanionyesha kidude cheusi cha miguu 8, kidogo kuliko punje ya hindi. Humo ndimo zimeandikwa namba za funguo ambazo gari linazikumbuka. Alikisoma kwa kompyuta, akaandika upya, akarudisha. Mikono yake ilikuwa na ile namna ya utulivu niliyokwisha kuiona upande wa pili wa banda.

"Mjomba anasoma kwa jicho," alisema kijana bila kuinua uso, "mimi nasoma kwa waya."

Mzee, kutoka kwenye jiliwa, alijibu: "Umeme ukikatika tutaona nani amesoma." Sidhani ilikuwa mara ya kwanza kusemeshana hivyo.

Kwa rimoti za kufungia milango, jamani, sherehe ni nyingine. Kuna magari ya Toyota ambayo huandikishwa rimoti mpya bila kompyuta: unafungua mlango wa dereva, unachomeka ufunguo na kuuchomoa, unafunga na kufungua milango kwa swichi ya mlangoni mara kadhaa, unafunga mlango, unafungua, unarudia, yote kwa hesabu na kwa mwendo maalumu, hadi gari lenyewe lijifunge na kujifungua kwa kishindo kujibu kwamba limesikia. Niliyatazama hayo kwa Raum iliyofuata baada ya Crown. Ungelipita kwa mbali ungedhani wanatambika.

Namna ya kuwasha gari kwa kuzungusha ufunguo yenyewe si ya zamani sana. Chrysler ndio walioileta mwaka 1949. Kabla ya hapo kulikuwa na kitufe au kanyagio, na nyuma zaidi watu walipiga hendeli mbele ya gari. Na sasa yapo magari yasiyo na tundu la ufunguo kwenye swichi kabisa; unakaa na rimoti mfukoni, unabonyeza. Mzee hayachukii. Alinionyesha kwamba rimoti nyingi za namna hiyo zimefichwa tumboni kipande kidogo cha chuma kilichochongwa, kwa ajili ya siku betri itakapokufa na milango ikafungwa. "Wanajiamini," alisema, "lakini si sana."

Kiswahili nacho, nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda nikingoja, kilinishika mkono. Tuna funga, tuna fungua. Tuna choma na chomoa, ziba na zibua, kunja na kunjua. Chombo hiki kinafunga kama kinavyofungua, tena watu wengi hukithamini kwa kufunga, lakini waliokipa jina hawakukiita ufungo. Walichukua upande wa kufungua wakatengeneza ufunguo. Ni watu haohao walioiita Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea ile miezi ya mwandamo inayofuata Ramadhani, wakihesabu miezi tisa kutoka pale midomo ilipofunguliwa. Ndio hao ambao mtoto wa kwanza wamemwita kifungua mimba, na bwana harusi wakamtoza kifungua mlango. Nilipomwambia mzee habari hizi alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, penseli unayo?"

Nikatoa penseli mfukoni. Aliuchukua ufunguo aliokwisha kuumaliza, akausugua pande zote kwa ncha ya penseli mpaka meno yakawa meusi. "Usitie oili kwenye kitasa, wala mafuta ya kupikia, wala dawa ya kopo uliyoambiwa na mtu wa gereji," alisema. "Mafuta yanakusanya vumbi, vumbi linakuwa udongo. Risasi ya penseli ni kavu, inateleza." Nilitoka na somo la kemia ya kaboni ambalo sijawahi kulifundisha vizuri.

Alirudisha kitasa cha buti mahali pake. Akalijaribu buti: likafunguka. Akaujaribu mlango: ukafunguka, lakini ulisita kidogo, kwa maana vibati vya mlango vilikuwa vimezoea uvivu wa ufunguo wa zamani. Swichi akaisafisha kwa kuipeperushia upepo wa mdomo na ufunguo mpya akiuingiza na kuutoa mara nyingi, polepole, bila kuzungusha, kama mtu anayewatambulisha watu wawili waliokwisha kukosana. Mara ya kwanza kuzungusha, ulikataa. Akauchomoa, akauweka juani, akatafuta. Kwenye bonde la tano akaonyesha alama ndogo, mng'aro wa mkwaruzo mdogo kuliko sisimizi, mahali kibati kilipokuwa kimeng'ang'ania. "Anasema hapa," alisema. Mapigo mawili ya tupa ya mviringo. Akafuta. Akaingiza. Ukazunguka kwa sauti ambayo sikuijua kwenye gari langu, kitu kama kidole kinavyoalika.

Ndivyo wanavyofanya pia wakati hakuna ufunguo wala kitasa cha kusoma, aliniambia baadaye, ikiwa gari limefungwa na mwenyewe yuko mikono mitupu: huchomeka ufunguo mtupu, husukuma kidogo kushoto na kulia, huutoa na kutafuta alama zilizoachwa na vibati, huchonga hapo tu, hurudi tena. Wengine huupaka masizi ya koroboi kwanza ili alama zionekane. Saa nzima inaweza kupita, wakati mwingine zaidi. Kitasa chenyewe humchongesha fundi ufunguo wake, alama kwa alama.

Aliandika jina langu daftarini, namba ya gari, tarehe, nikasaini. Malipo yalikuwa ya sahani mbili za pilau za Kariakoo, na niliona aibu kulipa hizo tu, lakini alikataa nyongeza kwa namna ileile aliyokataa ya yule bwana, akicheka. Ule ufunguo wa zamani akanirudishia. Nakala ya kijana wa kando ya barabara alinitaka nimwachie. Aliitupa kwenye kopo la maziwa lililojaa funguo zilizokosewa, ambazo mwaka ukiisha humuuzia mfua shaba kwa kilo.

Usiku ule nilisimama mbele ya geti kama kawaida. Taa zikamulika kufuli, injini ikaunguruma. Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi, nikauvuta ufunguo. Haukuja. Nikavuta tena, kwa nguvu, nikadhani mzee amenikosea. Kisha nikakumbuka. Nikazungusha kurudi nyuma, injini ikanyamaza, nikazima na taa kwa mazoea, giza likashuka juu ya geti lote, nikachomoa, nikashuka nikipapasa kufuli kwa ncha za vidole.

Sauti ya jirani ikatoka barazani kwake gizani.

"Mwalimu, limekuzimikia?"

"Halijazimika," nikamjibu. "Nimelizima."